Matone ya jicho la uveitisi: mwongozo kamili wa kutia, kuhesabu na kushuka

Kila mwezi napokea ujumbe ule ule, maneno tu ndiyo yanabadilika. "Nilitia dawa wiki mbili, jicho likapoa, nikaacha. Sasa limerudi, na safari hii limekuja na kichwa." Nilishaandika kuhusu ugonjwa wenyewe. Watu wakasoma, wakashukuru, kisha wakaenda kuacha dawa. Basi leo nauacha ugonjwa, naandika kuhusu kichupa.

Mimi si daktari. Ni mgonjwa wa mwaka wa tisa, jicho la kushoto, mkaazi wa Chake Chake, Pemba. Karatasi ya daktari wako ikipingana na ninachokiandika hapa, fuata karatasi.

Kwa anayeingia leo: uveitisi ni uvimbe unaokaa ndani ya jicho, kwenye ule utando wenye rangi unaoizunguka mboni na kuendelea hadi nyuma. Hauambukizi. Si yale macho mekundu yaliyowashika watu wengi Dar es Salaam mwezi Januari 2024, ambayo yalikuwa ya virusi na yalipita kutoka mkono hadi mkono. Uveitisi ni adimu, kwa wengi wetu ni sugu, na mara nyingi chanzo chake hakipatikani hata baada ya vipimo vyote. Inaweza kupofua.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua kichupa

- Karatasi ya daktari, ile ya asili. Ipige na picha kwenye simu.
- Vichupa viwili vya dawa ya steroidi (dawa ya kuzima uvimbe) uliyoandikiwa, si kimoja. Sababu iko hatua ya tatu.
- Dawa ya kupanua mboni, kama umeandikiwa.
- Sabuni, maji safi na tishu. Pamba haifai, huacha nyuzi.
- Kioo kidogo, au mtu wa kukutilia.
- Simu yenye kengele.
- Daftari la skuli na kalamu.
- Kopo kavu lenye mfuniko.
- Miwani ya jua. Mwanga wa jua la mchana kwa jicho hili ni kama pilipili.

Hatua ya 1: Hakikisha ni uveitisi kweli

Uveitisi haionekani kwa kioo cha chumbani. Inaonekana kwa ile darubini ya kliniki ya macho unayoegemeza kidevu na paji la uso, daktari akamulika mwale mwembamba wa taa. Anachotafuta ni chembe zinazoelea kwenye maji yaliyo mbele ya mboni, kama vumbi linavyoonekana kwenye mwale wa jua uliopenya tundu la bati. Bila darubini hiyo, aliyekuambia una uveitisi amekisia.

Kwa nini nakazania jambo hili? Kwa sababu ya msimu wa karafuu. Mtu yuko juu ya mkarafuu, kijiti kinamchoma jichoni. Jioni jicho jekundu, linauma, halitaki mwanga, dalili zile zile zetu. Jirani ana kichupa kilichobaki: "Hebu tia hii, mie ilinisaidia." Siku mbili za mwanzo jicho linatulia, maana steroidi huzima uvimbe wowote, lakini fangasi aliyeingia na kile kijiti anaachiwa uwanja mtupu. Anakula kioo cha mbele cha jicho, na mwenye jicho anadhani anapona. Malengelenge ya virusi kwenye kioo hicho nayo huharibika hivyo hivyo yakitiwa steroidi. Kichupa chako ni chako. Usimpe mtu, hata mama yako.

Maziwa ya mama, asali, wanja, maji ya majani: nje yote. Jicho lililovimba ndani halifikiwi na vitu hivyo, na wadudu wanaoingia navyo wanalifikia la nje.

Ukiambiwa ukapimwe damu, nenda. Kifua kikuu, kaswende na virusi vya UKIMWI vyote vinaweza kuleta uveitisi. Nawajua watu wawili waliokasirika kuandikiwa kipimo cha kaswende, mmoja akaichana karatasi pale pale nje ya maabara. Ndugu yangu, hicho ni kipimo cha kawaida kwa ugonjwa huu, hakuna aliyekutuhumu. Tena ungeomba kiwe ndicho chanzo, maana kaswende ina dawa ya kuimaliza.

Umefanikiwa hatua hii ukiweza kujibu maswali mawili: ni jicho gani, na uvimbe uko mbele au nyuma. La pili lina uzito. Matone hufika vizuri sehemu ya mbele tu. Uvimbe wa nyuma kwa kawaida hutaka vidonge au sindano, na mtu anaweza kutia matone mwaka mzima huku nyuma kunaungua.

Hatua ya 2: Soma karatasi mpaka uielewe

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na si kosa lao. Karatasi zetu zimejaa vifupisho vya Kilatini na Kiingereza. Hivi ndivyo utakavyokutana navyo:

RE au OD ni jicho la kulia. LE au OS ni la kushoto. BE au OU ni yote mawili. BD ni mara mbili kwa siku, TDS mara tatu, QID mara nne. Namba yenye mkwaju ni muda: 5/7 ni siku tano, 2/52 ni wiki mbili, 1/12 ni mwezi mmoja.

Sasa sikiliza mtego. OD kwa daktari wa macho ni jicho la kulia. OD hiyo hiyo kwa daktari mwengine, na kwa muuza dawa, ni mara moja kwa siku. Nimeiona karatasi iliyotaka tone kila saa jicho la kulia, na muuzaji akabandika lebo "tone 1 kutwa mara 1". Mgonjwa akatia tone moja kwa siku kwenye jicho lililotaka kumi na sita.

Dawa yake ni kumuuliza daktari kabla hujainuka kitini: "Jicho lipi, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, halafu nafanya nini?" Andika majibu kwa Kiswahili kwenye daftari, mbele yake. Hilo swali la mwisho usilisahau. Karatasi nyingi zinaeleza namna ya kuanza na hazielezi namna ya kushuka, yaani kupunguza matone ngazi kwa ngazi.

Hatua ya 3: Hesabu matone kabla ya kununua

Kichupa cha mililita 5 hutoa matone 100 hivi. Ukiandikiwa kila saa ukiwa macho, ni kama matone 16 kwa siku kwa jicho moja. Gawa: siku sita, kichupa kimekwisha. Macho mawili, siku tatu. Hapo sijahesabu yatakayoangukia shavuni.

Kwa hiyo mtu anayenunua kichupa kimoja Ijumaa, akarudi zake Micheweni akiwa na tarehe ya kliniki baada ya wiki mbili, ameshapanga kuishiwa. Nunua viwili. Wakati wa kusi kikichafua bahari na boti ikaahirishwa, dawa unayoisubiri kutoka Unguja nayo inasubiri bandarini.

Angalia jina la dawa, siyo rangi ya boksi. Prednisoloni, kwenye lebo *prednisolone acetate 1%*, na deksamethasoni zote ni steroidi, lakini hazibadilishani bila daktari kujua. Kuna pia vichupa vya mchanganyiko wa steroidi na antibiotiki, ambavyo hutolewa kirahisi sana madukani. Muuzaji akisema "hii ni ile ile", mwambie akuonyeshe jina.

Hatua ya 4: Kufungua na kuhifadhi

Vichupa vingi vya bei nafuu huja vimezibwa, na ndani ya kifuniko kuna mwiba mdogo. Kaza kifuniko mpaka mwisho, mwiba utoboe wenyewe, kisha fungua. Usitoboe kwa pini, sindano ya cherehani wala kisu kilichochomwa moto. Tundu likiwa kubwa kila tone linakuwa kubwa, kichupa cha siku sita kinakwisha siku tatu, na uchafu wa pini unabaki ndani.

Ukishafungua, andika tarehe kwenye lebo. Wiki nne baadaye kitupe hata kama kimebaki nusu.

Soma joto lililoandikwa kwenye lebo. Nyingi husema kisizidi nyuzi 25, na sisi hapa Kaskazi ikipiga tunalala kwenye 30. Mwenye friji akiweke kwenye mlango, si kwenye barafu, kisigande. Asiye na friji, au ambaye umeme humkatikia, akitie kichupa ndani ya kopo kavu, akafunga mfuniko, akaliweka kopo chini kivulini pembeni ya mtungi wa maji. Ndivyo nilivyofanya miaka minne. Mahali pabaya kuliko pote ni chini ya kiti cha vespa.

Hatua ya 5: Kutia tone lenyewe

Mzee mmoja wa Wete alikuja nyumbani na kichupa chake, analalamika dawa haifai. Nikamwambia, "Ami, hebu tia nikuone." Akasimama katikati ya ukumbi, akatupa kichwa nyuma, akainua kichupa juu kiasi cha shibiri, akakaza macho, akabinya. La kwanza likampata kwenye nyusi. La pili kwenye pua. La tatu likaingia. Akapepesa macho mara kumi kama aliyeingiwa na mchanga, akajipangusa kwa mkono wa kanzu, akaniambia, "Umeona? Kila siku hivi hivi."

Karibu kila kosa lilikuwamo. Tulitengeneza moja moja, na mpangilio ni huu.

1. Osha mikono kwa sabuni. Hata kama umetoka kutia udhu.

2. Tikisa kichupa. Kama ni prednisoloni ya maji meupe, dawa yenyewe ni unga uliotuama chini. Usipotikisa, wiki ya kwanza unatia maji na wiki ya mwisho unatia chokaa. Tikisa ukihesabu mpaka 20. Deksamethasoni nyingi ni maji angavu na hazihitaji.

3. Kaa au lala. Kusimama kunamyumbisha mtu. Mimi hulala juu ya mkeka, kichwa kwenye mto mwembamba.

4. Vuta kope ya chini kwa kidole cha shahada, itengeneze kijifuko. Tazama juu, darini. Ukikitazama kichupa utafumba, hilo halina ushujaa.

5. Mkono ulioshika kichupa uegemeze kwenye paji la uso au juu ya ule mkono mwengine. Mzee wangu hapa ndipo alipocheka, maana mtetemeko wote uliisha. Ncha iwe karibu na kijifuko, lakini isiguse jicho wala kope. Ikigusa, kichupa kizima kimechafuka.

6. Tone moja. Moja tu. Jicho halina nafasi ya kubeba hata tone zima, linalozidi humwagika. La pili linalisukuma la kwanza nje.

7. Fumba jicho taratibu, usikaze, usipepese. Kupepesa ni pampu inayoitoa dawa.

8. Bonyeza kwa kidole ile kona ya jicho iliyo karibu na pua, dakika mbili. Hapo ndipo mlango wa bomba la machozi, na bomba hilo linakwenda puani kisha kooni. Usipobonyeza dawa inashuka, unasikia uchungu kooni, na jicho limepata nusu.

9. Pangusa kilichomwagika kwa tishu. Funga kichupa. Osha mikono tena.

Kama una dawa ya pili, ngoja dakika tano ndipo utie. Ukitia pale pale, ya pili inaisafisha ya kwanza. Dawa ya mafuta huja mwisho kabisa, dakika kumi baadaye.

Utajuaje umefaulu? Shavu kavu. Ubaridi kidogo ndani ya kope. Hakuna uchungu kooni. Na baada ya siku sita kichupa kinakwisha siku uliyoikadiria, hapo ujue huna tone linalopotea.

*Kwa mtoto, au mtu mzima anayefumba:* mlaze chali, mwambie afumbe macho kwa amani, dondosha tone kwenye ile kona ya karibu na pua juu ya macho yaliyofumbwa, kisha mwambie afumbue. Tone linaingia lenyewe. Si lazima watu watatu wamkamate mtoto mikono. Kuna watoto wenye uveitisi ambao jicho halina wekundu wala maumivu, hasa wenye ugonjwa wa viungo, kwa hiyo usipime kwa kilio chake.

Hatua ya 6: Ratiba

Kila saa maana yake ni kila saa. Weka kengele za simu, na kila ukitia, weka alama kwenye daftari. Mtu anayejiambia "nakumbuka" hutia mara saba akaapa ametia kumi na tano. Mimi nilijipima mwaka wa kwanza. Nilikuwa na mara tisa.

Ikishuka hadi mara sita, acha kengele, tumia adhana. Alfajiri, saa tatu asubuhi, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, na wakati wa kulala. Ikiwa mara nne: Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, kulala. Adhana haiishiwi chaji.

Angalizo moja: tia dawa *baada* ya sala, usitie kabla ya udhu. Maji ya udhu usoni dakika mbili baada ya tone yanakuondolea ulichotia. Na aliyejipaka dawa ya mafuta usiku apanguse kope vizuri kabla ya udhu wa Alfajiri, maji yafike kwenye ngozi.

Umesahau tone moja? Tia ukikumbuka, endelea na ratiba. Usitie mawili kufidia.

Hatua ya 7: Kushuka ngazi, hapa ndipo tunapoanguka

Soma hatua hii mara mbili.

Wekundu huondoka kwanza. Maumivu huondoka pamoja nao. Zile chembe za ndani hubaki siku nyingi baadaye, na wewe huzioni. Kwa hiyo siku unayojitazama kwenye kioo ukasema "alhamdulillahi, limepoa", ndani kazi iko katikati. Ukiacha siku hiyo, uvimbe unarudi, na mara nyingi unarudi na nguvu zaidi.

Mimi niliacha wiki ya tatu. Nilikuwa na safari ya Unguja, harusi, jicho jeupe kama la mtoto. Nikakiacha kichupa nyumbani. Siku ya nne nikaamka siwezi kuufungua mlango kwa sababu ya mwanga. Mpaka nafika kliniki, ukingo wa mboni ulikuwa umeshagandana na lenzi iliyo nyuma yake. Ukiniangalia leo kwa karibu utaona mboni yangu ya kushoto si duara. Upande wa chini ina pembe, kama tundu la kifungo lililochanika. Haitarudi.

Kushuka hufanywa kwa ngazi, na kila ngazi ina siku zake. Mfano wa kawaida, na nasisitiza ni mfano tu: kila saa kwa siku kadhaa mpaka daktari aone chembe zimepungua, kisha kila saa mbili, kisha mara sita kwa siku wiki moja, mara nne wiki moja, mara tatu wiki moja, mara mbili wiki moja, mara moja wiki moja. Kuna wanaobaki na tone moja kwa siku kwa miezi. Ngazi zako anazipanga aliyekuangalia kwa darubini.

Andika tarehe ya kila ngazi kwenye daftari siku ile ile unayotoka kliniki, zote mpaka ya mwisho. Ukiwa na karatasi isiyosema namna ya kushuka, rudi au piga simu. Usijitungie.

Jicho likianza kuuma tena katikati ya kushuka, usipande wala usishuke kwa akili yako. Baki ulipo, nenda ukaonekane siku hiyo au kesho yake.

*Na ile dawa ya kupanua mboni?* Watu huichukia kwa sababu inafifiza macho na kuongeza mwanga. Atropini inaweza kukaa jichoni wiki nzima au zaidi. Lakini ndiyo inayozuia kile kilichonipata mimi: mboni iliyopanuliwa haigandi kwa urahisi, na msuli wa ndani unapumzika, maumivu yanapungua. Usiendeshe vespa, usitie uzi kwenye sindano ukakasirika. Osha mikono baada ya kuitia, maana ukilipangusa jicho jengine kwa kidole hicho, nalo litapanuka. Kwa mtoto, uso ukiwa mwekundu, mdomo ukakauka, homa ikapanda au akaanza kuweweseka baada ya atropini, acha dawa na mkimbize hospitali.

Kama unakunywa na vidonge vya prednisoloni, hivyo havikatishwi ghafla kwa hali yoyote. Mwili ulioizoea dawa husahau kutengeneza ya kwake, na ukiikata siku moja unaweza kuanguka. Vinywe baada ya chakula, na upime sukari na presha ya damu.

Hatua ya 8: Presha ya jicho

Steroidi inayokuokoa inaweza pia kupandisha presha ndani ya jicho. Karibu mtu mmoja kati ya watatu hupanda kiasi, na wachache hupanda sana. Huanza kuonekana wiki chache baada ya kuanza matone. Haiumi, haiwashi, hakuna dalili, mpaka neva ya jicho imeshaharibika. Kawaida ni kati ya 10 na 21.

Basi kila kliniki uliza: "Presha yangu ngapi leo?" Andika namba, kila jicho na yake. Ikipanda, usiache matone kwa hofu, kuna matone mengine ya kuishusha. Steroidi ya muda mrefu huleta pia mtoto wa jicho, na huo husubiri uvimbe utulie kabla ya kufanyiwa upasuaji.

Nyumbani, kila Ijumaa asubuhi ziba jicho moja kwa kiganja, tazama kalenda ya ukutani kutoka mahali pale pale, kisha badilisha. Ukifungua yote mawili jicho zima litakudanganya.

Hospitali ya Chake Chake ndiko ninakoanzia mimi, Mnazi Mmoja kwa wa Unguja. Kesi ngumu hupelekwa bara, hospitali za Dar es Salaam, Muhimbili au CCBRT. Nenda na daftari na vichupa vyako, vilivyokwisha pia.

Hatua ya 9: Ramadhani

Kila mwaka kuna watu wanaacha matone mchana kuogopa kufuturu, kisha Idi wanaisherehekea kwenye benchi la kliniki.

Sisi wengi hapa ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi. Katika madhehebu hayo jicho halihesabiwi kuwa njia iliyo wazi kuelekea ndani, na kinachotiwa jichoni, wanja au dawa, hakibatilishi saumu hata ladha yake ikifika kooni. Mkutano wa wanazuoni wa fiqhi uliofanyika Jeddah mwaka 1997 nao uliyataja matone ya macho miongoni mwa yasiyofuturisha, madhali mtu hamezi kilichofika kooni. Muulize sheikh wako moyo utulie, lakini umuulize Shaabani, usingoje saa saba mchana wa Ramadhani jicho likiwaka. Na ule mkono wa kwenye kona ya pua, hatua ya tano, ndio unaozuia ladha isifike.

Vidonge ni habari nyengine. Hivyo vinafuturisha. Mwone daktari kabla ya mwezi kuandama, aone kama dozi inaweza kuhamia futari na daku. Kama haiwezekani, mgonjwa ana ruhusa yake ya kula na kulipa.

Usingoje tarehe ya kliniki ukiona haya

- Kuona kumepungua ghafla, hata kama hakuna maumivu.
- Maumivu makali yanayokuamsha usiku, au yanayokuja na kutapika.
- Doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au usaha.
- Vidoa vyeusi vingi vinavyoelea vilivyoanza leo, au vimulimuli, au pazia limeshuka upande mmoja.
- Jicho la pili limeanza, hasa kama la kwanza liliwahi kuumia au kufanyiwa upasuaji.
- Macho yote mawili pamoja na kichwa, masikio kuvuma, au mabaka meupe kwenye ngozi na nywele.

Ukifika dirishani usiseme "jicho linauma", utapangwa nyuma ya wenye vumbi. Sema: "Nina uveitisi, jicho la kushoto, natumia prednisoloni mara nne kwa siku, la mwisho nimetia Alasiri, na tangu asubuhi sioni vizuri." Kisha toa kichupa kwenye kopo, kiweke juu ya meza.